Mume Wangu Aliniimba Uongo, Watu Wakaamini

Nina miaka arobaini na minane, na jina langu ni Syombua. Kama ulikuwa mtu mzima Kitui au Makueni miaka ya sabini, jina hilo unalijua. Pengine ulicheza densi likitajwa, pengine ulilitukana... Basi leo nisikilizeni mimi mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Niliolewa Matinyani na Nzioka, mpiga gitaa. Tulikuwa maskini lakini tulipendana, haki ya Mungu! Siku za kazi tulilima pamoja, Jumamosi anaenda na bendi yake kupiga muziki sokoni. Nyimbo zetu Wakamba mnazijua. Lazima mtu atajwe kwa jina na kwao kutajwe, ndiyo watu waseme huyu anaimba mambo ya kweli. Wake za wanamuziki wenzake wote walikuwa wameshatajwa. Mimi bado! Nikawa namsumbua kila siku, "Baba Mwende, kwani mimi utaniimba lini?" Yeye anacheka tu.

Ole wangu... nilijiombea mwenyewe!

Tajiri mmoja wa studio kule Nairobi akamwita arekodi santuri kubwa, nyimbo pande zote mbili. Nzioka akapeleka nyimbo zake za mvua, za ng'ombe na za mapenzi. Tajiri akazisikiliza akipiga miayo. Akasema hizo hazina uchungu, watu wanataka mtu aliyeumia kweli. Na Nzioka wangu alikuwa ameumizwa na nani? Hakuna! Basi akabuni wimbo mmoja hapo hapo. Ati mke wake, Syombua wa Matinyani, amemwachia watoto na kutoroka na dereva wa lori mpaka Mtito Andei.

Niliusikia kwenye redio ya duka, mtoto mgongoni. Niliposikia jina langu nikapiga kigelegele! Kisha nikasikia maneno yaliyofuata... Mwenye duka akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza nimerudi lini. Nimerudi lini! Na jana yake alikuwa ameniuzia chumvi!

Nzioka alipofika nyumbani nililia, nikamsihi aseme ukweli. "Huo ni wimbo tu, Mama Mwende," akaniambia. "Acha santuri iuze kwanza."

Na iliuza, jameni! Wanaume walitoka mpaka Nuu kuja kumpa pole. Mimi naambiwa nijifiche jikoni, wageni wasije wakaniona wakasema yeye ni mwongo. Nikawapikia chai watu waliokuja kumlilia mume wangu kwa sababu nimemtoroka! Hebu niambieni, mmewahi kusikia kitu kama hicho?

Kanisani nikatolewa kwenye kwaya mpaka nitubu. Nitubu nini? Nikikataa, ati nina moyo mgumu. Watoto wangu wakawa wanaimbiwa wimbo huo njiani kwenda shule. Mwisho nikaenda kwa wazee wa ukoo, nikaomba kikao.

Nzioka aliulizwa mbele yangu. Akaangalia chini, akasema mwimbaji wa kweli haimbi uongo. Nikamgeukia mama mkwe, ambaye nilipika naye jiko moja miaka yote hiyo. "Mwaitu, wewe mama yangu, waambie. Mimi nililala nje lini?"

Alijifunika leso usoni. "Mwanangu, mimi nilisikia tu vile wimbo ulisema."

Alikuwa amejengewa nyumba ya mabati na santuri hiyo.

Nilifukuzwa bila watoto. Kaka zangu nao wakakataa nisilale kwetu. Nikazunguka nikitafuta kazi, na pahali pekee waliponipokea ni hoteli moja, niwaoshee vyombo... Mtito Andei! Mnaona mambo? Walionitukana sasa wakapata ushahidi. Na Nzioka nasikia akilewa huwaeleza watu vile mwanamke alimwumiza, na analia machozi ya kweli. Siku hizi hata yeye anaamini!

Dada zangu, msione fahari majina yenu kuimbwa. Mtu akiimba uongo juu yako, pinga siku hiyo hiyo, usikubali kujificha jikoni. Na nyinyi mnaosikiliza, mkisikia uchungu mtamu hivyo, mwulizeni mwenye jina. Mimi nimechelewa. Nimeshindwa hata na mama yangu mzazi.

Alipougua, nilienda kumuuguza. Nikimlisha uji nilimsimulia yote, polepole, tangu mwanzo. Dunia nzima ilikuwa imenishinda, nilitaka yeye tu aniamini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono kwa upendo, nikajua sasa nimepona.

Akaniuliza, "Na huyo dereva... alikuwa anakutunza lakini?"

Ningesema nini? Mama alikuwa amechoka sana. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwaitu. Alinitunza vizuri." Akatabasamu, akalala.