Kitabu cha Mtawa Juu ya Kabati

Lori la Bedford la kukodi lilikata kona ya Riyam nusura lipinduke. Nasriya nyuma yake, Land Rover kaikandamiza mafuta mpaka mwisho.

Redio ikakoroma, ikamwita kwa jina lake la kazi. "Kanga, unamwona?"

"Namwona. Anaingia Matrah."

"Kitabu kisipande meli. Mzungu anangoja bandarini."

Kitabu chenyewe cha ngozi, kwa Kilatini. Mtawa mmoja alikiandika karne nane nyuma kuthibitisha kwamba Mungu yupo, na wezi wakakiiba kanisani Ulaya. Haya, dunia hii.

Bedford ikasimama.

Nasriya akakanyaga breki. Aliyeteremka, mzigo kaupakata kifuani, ni mjomba Bakhit, aliyemlea tangu mapinduzi ya Unguja yalipomwacha yatima.

Akamngoja aingie kwake, akaficha bastola yake ya Walther na redio ya mkononi ndani ya buibui, akapiga hodi. Ujasusi ujasusi, nyumba ya mjomba haivamiwi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Sakafu nzima magunia ya tende na ndimu kavu. Angeanzia wapi? Bandarini meli ikapiga honi.

Akainua macho. Juu ya kabati, kando ya Msahafu, kifurushi kimefunikwa shali safi.

"Ungekitia chini ya magunia, mjomba, nisingekiona."

"Kinamtaja Mungu. Nikiweke chini, watu wakiruke?"

Nasriya akakishusha kwa mikono miwili. "Mzungu kakuahidi nini?"

"Kumtoa Hind."

Hind, bintiye wa pekee, alibaki Unguja. Pasi ya kusafiria amenyimwa mwaka wa sita sasa. Yeye na Nasriya walilala kitanda kimoja utotoni.

"Nnakuomba, mwanangu. Nnazeeka. Leo tu, geuza uso."

Nasriya akalia, wala hakuona haya. Kisha akabonyeza redio.

"Nnacho. Mkamateni Mzungu. Na huku mje mchukue mmoja."

"Nani huyo?"

"Mjomba wangu."

"Tunakuja."

Mzee hakukimbia. Alimimina kahawa, akamsogezea kikombe. "Kunywa basi, hawajafika."

Nasriya akainywa yote. Askari wakaingia.

"Ukimwona Hind," mzee akasema mlangoni, "mwambie nilijaribu."

"Nitamwambia, mjomba."

Nasriya akavaa miwani yake ya jua, akatoka taratibu, hakugeuka nyuma. Garini kiti cha pembeni, wanapokalia watu, kilikuwa kitupu, lakini njia nzima mpaka Maskati aliendesha kwa mkono mmoja, kitabu kakipakata, kama mjomba alivyomfunza.