Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kuku wa Athieno walikuwa wengi. Walaji ndio hawakuwepo.

Mumewe, Oboth, alizikwa mwaka jana nyuma ya nyumba yao huko Mella. Binti yao Patricia anafanya kazi Malaba, na simu anapiga akikumbuka. Nyumba ilibaki kimya, jamani, kimya cha kuchosha masikio.

Athieno akichinja kuku, alifanya kama miaka yote. Firigisi aliiweka kwenye kisahani cha bati cha Oboth. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Nyama alionja kipande, nyingine akawapelekea majirani. Shingo, moyo na ini alimtupia mbwa. Jioni, firigisi nayo alipewa mbwa. Athieno mwenyewe alikunywa chai ya rangi, akalala.

Siku moja alishikwa na kizunguzungu kisimani. Kwenye kituo cha afya nesi alimpima, akampa vidonge.

"Mama, damu yako iko chini. Vidonge meza, lakini na chakula ule."

Kula na nani? Hilo hakumuuliza nesi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anachinja kuku. Mara jirani yake Dorcas akabisha hodi. Dorcas ni Msamia wa Busia aliyeolewa hapo Mella, na ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Alimkuta mbwa ameshatupiwa ini.

"Wee! Mama Patricia, mbwa wako ana afya kuliko wewe! Ini ndilo linasaidia mwili kutengeneza damu, nawe unamlisha mbwa?"

"Mimi napikia nani, Dorcas?"

"Chinja mwingine, tupike. Na firigisi hii?"

"Ya Oboth hiyo. Ni ya mwenye nyumba."

Dorcas aliuliza kwa upole, "Dada yangu, sasa mwenye nyumba ni nani?"

Athieno alitazama kiti cha Oboth. Alikwenda kukamata kuku wa pili.

"Nawa mikono kwa sabuni kwanza," alisema Dorcas. "Kisu shika wewe. Pasua firigisi, toa mchanga. Menya hiyo ngozi ya manjano ya ndani, itupe. Sasa ini. Kile kijifuko cha kijani ni nyongo. Kikate polepole. Kikipasuka, mchuzi wote mchungu."

Waliosha vyote vizuri. Firigisi zote mbili, mioyo na shingo viliingia kwenye sufuria na maji, kitunguu na chumvi. Vilichemka saa nzima mpaka vikalainika. Ini liliingia mwishoni, dakika kumi, mpaka ndani halikuwa na wekundu. Athieno aliipua, akavikatakata vidogo vidogo. Supu aliiweka kando.

Kisha alikaanga vijiko viwili vya unga wa ngano kwa mafuta mpaka ukawa kahawia. Akamimina supu yote kwa mkupuo. Madonge matupu!

"Haraka haraka haina baraka," Dorcas alicheka. "Supu unatia kidogo kidogo, huku unakoroga. Haya, ponda hayo madonge."

Athieno aliyaponda, akakoroga mpaka mchuzi ukawa mzito na laini. Akarudisha vile vipande, vikachemka tena kidogo. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Dorcas alionja, akaaga. Kwake pia walikuwa wanamngoja. Athieno alibaki peke yake. Alichukua kile kisahani cha bati, akakijaza mchuzi, akasonga ugali wa wimbi. Alimega tonge la kwanza. Alilia. Kisha akala, akamaliza, akaongeza.

Tangu siku hiyo mbwa analamba mifupa tu. Baada ya miezi miwili, vidonge kwa mpango na chakula kwa mpango, nesi alimpima tena, akatabasamu. Damu ilikuwa imepanda.

Athieno alifika nyumbani, lakini hakuingia ndani. Alikwenda nyuma, akasimama penye kaburi.

"Mzee," alisema, "firigisi yako naila mimi. Usinikasirikie. Nimekukumbuka sana, lakini jikoni kwako moto unawaka."

Athieno alikusanya kuni, akaingia kupika.