Likizo Isiyongoja Kuombwa

Verna Lindquist aliamka gizani, akala kipande cha mkate akiwa amesimama, akapita kwenye theluji kwenda dukani kwake. Tangu mumewe Harlan afariki, nyumba yake ilikuwa kimya, na ukimya ule ulimchosha kuliko kazi. Alikuwa na duka la mikate katika mji mdogo kaskazini mwa Minnesota. Sauti ya kwanza aliyoisikia kila siku ilikuwa ya Darlene Kettunen, mfanyakazi wake wa pekee.

Asubuhi hiyo Darlene aliingia akikohoa, macho mekundu.

"Unaumwa wewe. Rudi nyumbani," Verna alisema.

"Aa, si mbaya sana."

"Si mbaya! Umekohoa mpaka paka wa jirani amekimbia."

Darlene alicheka, akakohoa tena, akavaa aproni. Verna hakusisitiza. Kwao huko hata kahawa mtu huikataa mara mbili ndipo aipokee, na shida zake huzimeza. Verna alimpikia supu ya moto, akaona ametimiza wajibu wake.

Mchana, Darlene alisema huku akifagia, "Verna, mwisho wa mwezi naondoka. Nimepata kazi jikoni hospitalini."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila kule nikiumwa nalala, na mshahara unaendelea. Hapa nikilala siku moja tu, mwenye nyumba hanielewi."

Verna alipofunga duka alikaa nyuma ya kaunta, akalia. Darlene akiondoka, atazungumza na nani?

Jioni alikwenda duka la pili, kwa Curt Haugen, kinyozi aliyekuwa na mfanyakazi mmoja kama yeye.

"Darlene ananiacha," alisema. "Anataka siku za ugonjwa zenye malipo. Hayo si mambo ya makampuni makubwa?"

"Zamani. Tangu mwaka jana, hapa jimboni, hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Kila saa thelathini anazofanya kazi, Darlene anapata saa moja ya likizo yenye malipo. Akiumwa yeye au mwanawe, anaitumia."

"Lakini hajawahi kuniomba!"

"Darlene? Huyo nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo! Haki si kahawa, Verna. Haingoji kuombwa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuihesabu, na kumwambia mfanyakazi anayo kiasi gani."

Verna aliona aibu. "Harlan ndiye aliyefuatilia sheria. Nilidhani ziko vilevile alivyoziacha."

"Hata mimi zilinipita," Curt alisema kwa upole. "Sasa kila mwaka mpya, na tena katikati ya mwaka, napiga simu ofisi ya kazi ya jimbo. Nauliza, kimebadilika nini kwa mtu kama mimi? Wanajibu bila malipo yoyote. Na usifuate ya jimbo jirani. Dada yangu yuko Wisconsin, sheria zao ni nyingine kabisa."

Kesho yake Verna alipiga simu. Mama aliyepokea hakumkaripia. Alimweleza taratibu, pamoja na namna ya kuhesabu saa za nyuma.

Verna alimwita Darlene. "Una likizo ya ugonjwa. Ni yako tangu mwaka jana, mimi sikujua. Nisamehe. Hii si zawadi, ni sheria. Ukitaka kuondoka bado, sitakuzuia."

Darlene alichukua ufagio wake. "Basi, watu wa hospitali nitawaambia wasubiri."

"Wasubiri mpaka lini?"

"Mpaka wazeeke."

Mwezi Machi, kabla hakujakucha, simu ya Verna ililia.

"Verna, naumwa. Siji leo."

"Lala," Verna alijibu. "Lala mpaka upone."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia Darlene akisema hivyo. Siku ile alikanda unga peke yake, akaoka peke yake. Duka lilikuwa kimya na upweke ulimbana kwelikweli.

"Darlene yuko wapi leo?" aliuliza mteja wa kwanza.

"Yuko kwake, anapumzika," Verna alisema. "Atarudi."

Neno hilo la mwisho lilimpunguzia upweke, akalisema tena.