Unga wa Wifi na Seli za Maabara

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walisema hivyo. Kuhusu mtangaza maradhi hawakusema neno, na Fundi alikuwa mtangaza maradhi.

Fundi alishona magauni ya harusi katika chumba kimoja kando ya barabara. Vipimo vya hospitali vilipoonyesha kwamba uvimbe kwenye titi lake ni saratani, hakuficha. Alimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno. Kila mteja akamwachia ushauri. Siku ya upasuaji aliyopangiwa hospitali ikafika, ikapita, Fundi yuko kwenye cherehani.

Wifi yake ndiye aliyeleta unga.

"Kunywa huu, wifi yangu kipenzi. Kisu cha nini? Unga huu umepimwa maabara! Tazama video. Seli za saratani zimekufa zote, haikubaki hata moja ya kusimulia."

Binti wa mwisho wa Fundi, waliyemwita Kitinda, alifanya kazi katika maabara inayochunguza saratani ya titi. Aliitazama video, akacheka.

"Mama, hata sabuni ya kufulia huua seli kwenye sahani ya maabara."

"Usimdharau shangazi yako."

"Simdharau. Kesho vaa viatu, twende kazini kwangu."

Maabara ilikuwa baridi, ikinuka spiriti. Kitinda alimvalisha mama yake koti jeupe.

"Aliyeshona hili hajawahi kuona kwapa," Fundi akanong'ona.

Kitinda aliweka sahani ndogo chini ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Picha ikatokea kwenye skrini. Seli zilikuwa zimetandaa kama vigae vya sakafu.

"Hizi ni seli za saratani ya titi. Zimelala kifudifudi. Ukimimina dawa, kila moja inalowa. Zinakufa upesi."

"Kama kwenye video."

"Kama kwenye video. Sasa tazama hizi."

Sahani ya pili ilikuwa na ute mzito kama jeli. Humo seli hazikulala. Zilishikana juu, chini na ubavuni, zikawa donge lenye manundu.

"Tunazikuza ndani ya jeli ili ziishi karibu na zinavyoishi titini," Kitinda alieleza. "Seli zenye afya hujipanga humu kama mpira mdogo wenye uwazi katikati. Za saratani hujazana ovyo. Ukimimina dawa, za nje hufa. Za ndani mara nyingi hubaki hai."

Fundi aliwaza magauni yake. Gauni likitandazwa mezani halina kosa. Mvalishe bibi harusi, ndipo kwapa libane na zipu igome.

"Kumbe unga wa wifi umepimwa mezani tu," alisema. "Haujavalishwa mtu."

"Ndiyo hivyo, mama. Na hata dawa ikishinda humu kwenye jeli, bado si tiba. Lazima ijaribiwe tena na tena, mwishowe kwa watu, mbele ya madaktari. Uvimbe wako bado ni mdogo. Sasa unaweza kutolewa. Ukingoja..."

Kitinda akageuka kufuta macho. Fundi akamvuta kifuani, koti likalia kwapani.

"Nyamaza, mwanangu. Nitakwenda. Hizi seli ni za nani?"

"Za mwanamke aliyekubali tubaki na kipande cha uvimbe wake. Jina lake silijui."

Wiki ileile Fundi alirudi hospitali. Daktari alimgombeza kidogo, akampangia siku nyingine. Akamuuliza kama kipande cha uvimbe kingeweza kwenda maabara. Akikataa, matibabu yake hayatabadilika. Fundi alikubali.

Uvimbe ukatolewa. Zikafuata dawa za hospitali, uchovu na kichwa kisicho na nywele. Wifi alimwogesha, akamlisha, akamtania kwamba sasa anafanana na marehemu baba mkwe. Nywele zikaota. Vipimo havikuona tena saratani.

Siku Fundi aliporudi kwenye cherehani, wifi alikaa kando yake, amenuna.

"Unga nimeutupa, sawa. Lakini kipande cha mwili wako kuwapa watu baki wakikuze kwenye sahani, bila kuuliza ukoo! Angalau tuwaombe wazee radhi."

Fundi aliweka sindano chini, akamshika mkono.

"Kwenye jeli, wifi. Na uvimbe ulikuwa wangu. Nakupenda, unajua. Lakini radhi siombi."