Uso wa Mama Kibuyu

Boda ilimteremsha Akiror mbele ya geti la bati la mzee Egesa jua likiwa linazama, na mwenye boda hakuzima hata injini. Alitema mate kando, akageuza kurudi Busia. Akiror hakumlaumu. Harufu ya mahali hapo ilitosha kumgeuza mtu: molasi iliyochacha, moshi wa kuni, na chini yake kitu kingine... kitamu, kama matunda yaliyosahauliwa chumbani kwa mgonjwa.

Kwapani alibana bahasha. Ndani yake, uso wa mwanamke. Uso mwingine tena.

Akiror alikuwa mchoraji wa lebo. Ukipita madukani ukaona nyuki mwenye miwani kwenye chupa ya asali, huyo ni wake. Lakini asali ina msimu. Anayehitaji lebo ya rangi mwaka mzima katika mpaka huu wa Uganda na Kenya ni mwenye pombe, na pombe ndiyo kitu ambacho Akiror hakuwahi kukionja. Baba yake alikunywa kwa niaba ya ukoo mzima, mpaka akang'oa milango ya nyumba akaenda kuiuza. Binti akaapa kwamba tone halitapita kooni mwake. Kuchora si kunywa, alijiambia.

Ila mteja huyu! Waragi yake, pombe kali ya molasi, iliitwa Mama Kibuyu, na alitaka kitu kimoja tu: mwanamke ameinua kibuyu, anakunywa. Akiror akamchora mnene, akakataliwa. Akamchora mwembamba, akakataliwa. Mwenye kilemba, mwenye mwanya, mzee, kijana, wote walirudishwa, na hakuna hata mara moja aliyoambiwa kosa liko wapi. Kwenye mdahalo, na Akiror aliwahi kuwa bingwa wa midahalo shuleni, ukimwambia mtu amekosea bila kutoa hoja, unazomewa. Kwenye biashara unaitwa mteja.

Mzee Egesa alimpokea kwenye chumba cha kujazia chupa. Mtu mfupi, shati limenyooshwa, mikono misafi kupita kiasi. Hakuutazama mchoro. Aliupaka gundi, akaubandika kwenye chupa iliyojaa, iliyofungwa, akaiweka mezani. Kisha akainama, akatega sikio.

Akangoja.

Nje mbuzi alilia. Ndani, kimya.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, mzee? Rangi?"

"Rangi iko sawa."

"Macho?"

"Macho iko sawa. Lakini hii si mtu."

"Ni mchoro, mzee wangu! Hata ng'ombe wa kwenye pakiti ya maziwa hana zizi."

Mzee Egesa hakucheka. "Nyabo," akamwita, kama mwanamke anavyoitwa kwa heshima huku, "kwenu ni wapi?"

"Bibi yangu ni wa Kisoko."

"Huko Kisoko, mwenye kupika pombe akiweka chungu mbele ya wageni, nani nakunywa kwanza?"

Nani asiyejua hilo? "Mwenyewe. Watu waone hakutia sumu."

"Na kama nakataa kuonja?"

"Hakuna atakayegusa. Wageni watainuka waende."

"Sasa hii chupa nakwenda Mulanda, nakwenda mpaka Kenya. Mimi siko. Nani nawaonjea?"

"Maabara, mzee. Kuna vipimo siku hizi."

Mzee akamsogelea. Sauti yake ikashuka. "Leta mtu, nyabo. Mtu nakunywa."

Akiror alipogeuka kutoka aliona chupa moja juu ya rafu, yenye lebo ya zamani. Mwanamke anacheka, kibuyu kimegusa mdomo. Uso wa kweli, uliotolewa kwenye picha. Chupa ilikuwa imefungwa kiwandani, kifuniko hakijaguswa, lakini pombe ilikuwa imepungua shingoni.

"Huyu nani?"

"Felistus. Mke wangu."

"Mzuri hivi, mbona usiendelee naye?"

Mzee Egesa aliigeuza chupa ikatazama ukuta.

"Alichoka," akasema.

*

Kesho yake Valarie alimkuta ameegemeza kichwa juu ya meza. Valarie alikuwa rafiki yake wa upande wa Kenya, mwenye mashine ya kuchapa, aliyevuka mpaka kila siku kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

"Bado huyo mzee anakuzungusha?"

"Anataka mtu! Eti nyuso zangu si watu."

"Na wewe nawe, si ujipige picha tu? Uso unao hapo, bure kabisa. Shika kibuyu, funga macho, maliza hiyo maneno tuchape."

Ndivyo ilivyokuwa. Hasira tu. Akiror aliegemeza simu kwenye mkebe wa kalamu, akainua kibuyu kitupu, akajipiga picha. Akachora juu yake mstari kwa mstari: paji lake, pua yake, kidoti chake cha shavuni. Hakubadilisha kitu. Alitaka kumwona yule mzee akimwambia usoni kwamba yeye si mtu.

Jioni alisimama tena katika chumba kile. Mzee Egesa akapaka gundi. Akabandika. Akatega sikio.

Kimya...

Kisha,

*gluk.*

Sauti ndogo. Kama mtoto anayemeza maji gizani.

Pombe ikashuka shingoni mwa chupa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Hakuna aliyeigusa.

Na moto ukapita kooni mwa Akiror. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Ulimi wake ulikuwa na ladha chungu, tamu, ya molasi.

"Mvuke tu," mzee Egesa alisema upesi, akimpigapiga mgongoni. "Hapa ndani iko mvuke mingi." Na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Sasa hii ni mtu."

Akiror aliamini ni mvuke. Ungeamini nini wewe?

*

Valarie alichapa. Kreti zikapakiwa, zikasambaa Lumino, Mulanda, Malaba.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, wakiwa katikati ya ubeti, moto ukapita. Funda moja. Akiror alinyamaza, akashika koo. Wenzake wakaendelea. Likaja la pili. Halafu, kama milango inayofunguka mmoja baada ya mwingine, la tatu na la nne na mengine. Alimeza bila kunywa kitu. Ukuta wa kanisa ukaanza kupumua.

Mwalimu wa kwaya, dada Among, akamvuta nje kwa kiwiko.

"Akiror. Umekunywa?"

"Sijanywa! Dada, naapa, mimi..."

"Nanusa, mdogo wangu."

"Unanusa, lakini kunusa si ushahidi wa..." Ulimi ukateleza. Hoja ikamponyoka. Yeye, aliyewahi kumnyamazisha mwanasheria mtarajiwa mbele ya ukumbi mzima, alishindwa kumaliza sentensi.

"Nenda nyumbani," dada Among akasema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mzee Egesa, akiyumba juu ya boda, funda kwa funda, mashamba ya mihogo yakipita kama maji. Ilikuwa saa ya watu kutoka shambani na kufungua chupa. Alizijua zote. Kila moja iliyofunguliwa mahali popote, yeye alitangulia.

"Toa uso wangu," alisema mlangoni.

Mzee Egesa alikuwa anakula. Alinawa mikono kwanza.

"Kaa, nyabo."

"Sikai! Umenifanya nini?"

"Mimi sikufanya. Wewe ulileta. Mimi nilisema leta mtu, sikusema leta wewe."

"Na Felistus? Yeye alijua?"

Mzee alitazama rafu. Chupa bado ilielekea ukutani. "Nilimpiga picha siku ya arusi ya dada yake. Alikuwa nacheka. Ilikuwa picha mzuri tu, mimi nikaweka kwa chupa. Sikujua. Baadaye tumbo ikavimba, macho ikawa ya njano. Daktari nasema huyu ni mlevi. Felistus! Mwanamke hakuwahi kushika glasi."

"Alipokufa ukafanya nini?"

"Nikatoa lebo. Nikauza chupa bila picha." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mulanda, watu wakaamka hawaoni. Wengine hawakuamka. Pombe ni ile ile, nyabo. Mtambo ni ule ule. Lakini wale walikunywa bila kuonjewa."

Moto ukapita. Akiror akashikilia fremu ya mlango.

"Basi acha kupika!"

"Niache? Hapa kijana ngapi nafanya kazi?"

"Basi weka uso wako! Pombe yako, jina lako, onja wewe!"

Mzee Egesa alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa akalale zizini.

"Mimi? Mimi nikilewa kila siku, kiwanda naendesha nani?"

Kisha akanong'ona, akiinama kama anayefanya hisani: "Lete mwingine. Yule rafiki yako wa Kenya, wa kuchapa lebo, anapenda kucheka. Picha tu. Hatajua."

Akiror alirusha kofi. Kofi lilipita hewani, yeye mwenyewe akaanguka juu ya magunia ya sukari guru, na mzee akamsaidia kuinuka kwa upole kabisa.

*

Lumino haikuwa mbali. Kwenye baa ya kwanza taa zilikuwa zimewashwa, watu wamekaa nje kwenye benchi, na mbele yao, juu ya meza, kreti ya Mama Kibuyu. Nyuso zake zote zilimwelekea, macho yamefumbwa, midomo juu ya kibuyu.

"Msinywe!" akasema.

Wakageuka.

"Hiyo pombe... mwenye kiwanda... Sikilizeni. Nina hoja tatu." Alinyoosha vidole, vikatoka vinne. Mtu akacheka.

"Nyabo ameanza mapema!"

"Ngoja, ngoja," akasema mtu mnene wa kofia, aliyeitwa Omoding, akiinua chupa kando ya uso wake. "Tazameni kidoti. Si ni yeye? Mama Kibuyu mwenyewe!"

Baa ikalipuka. Walimvuta kiti. Walimpigia makofi. Omoding alimimina glasi, akaisukuma mbele yake, akainamisha kichwa kwa heshima ya mchezo.

"Mwenye pombe amefika. Aonje mbele yetu, ndiyo tunywe."

Akiror aliitazama glasi.

Na katikati ya ukungu ule, akili yake, ile kali, ikasimama wima. Hakuhitaji hoja hata moja. Hakuhitaji ulimi. Alihitaji kukataa tu, hadharani, kama mwanamke aliyeketi mbele ya chungu chake akageuza uso.

Aliisukuma glasi.

"Sionji," akasema.

Vicheko vikapungua.

"Unasema?"

"Pombe yangu. Sionji."

Mzee mmoja aliyekuwa ameinua chupa aliishusha taratibu, akafuta mdomo. Mwanamke pembeni akamnyang'anya mumewe glasi. Wageni hawaketi penye chungu cha namna hiyo. Hilo hawakulisoma popote, wanalijua. Omoding alirudi nyuma hatua moja, kofia mkononi.

"Imetiwa kitu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Akiror alitingisha kichwa kukubali. Machozi ya furaha yalimlenga. Watu walikuwa wanainuka. Habari ingefika Mulanda usiku huo huo, ingevuka Malaba asubuhi, na hakuna mdomo ambao ungegusa...

Mahali fulani mbali, mtu asiyejua lolote akafungua chupa.

Akiror alimeza.

Alijaribu kuificha. Koo likapanda, likashuka. Pumzi ikamtoka, nzito, ya molasi, ikamfikia Omoding usoni.

Omoding akanusa. Akasogea, akanusa tena, na uso wake ukafunguka polepole kwa kicheko.

"Aaa! Huyu anatuchezea! Nuseni mdomo wake! Ameshaonja zamani, tena ameonja vizuri kuliko sisi sote!"

"Hapana..."

"Na bado anasimama! Basi ni salama!"

Benchi likajaa tena. Vicheko, vibao vya mgongoni, mtu akasema walitaka kumwaga mali bure. Yule mzee akachukua chupa yake. Mwanamke akamrudishia mumewe glasi.

"Sikilizeni," Akiror alisema. "Nisikilizeni kwanza."

Hakuna aliyesikiliza. Mikono iliingia kwenye kreti. Kifuniko kikalia. Kikalia kingine. Akiror aliziba mdomo kwa viganja viwili, akabana meno, akakaza shingo mpaka mishipa ikamtoka.

Na koo lake, peke yake, likaendelea kumeza.