Kadi Nzito ya Mjomba

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuingia duka la vifaa vya kompyuta. Huko kibaya ndicho kinachojiuza. Kina taa, kina rangi, kinakukonyeza toka mlangoni. Kizuri kimekaa rafu ya chini, kimenyamaza, kimejaa vumbi.

Asubuhi kwetu huanza kwa kumwosha baba. Mama hutoka mapema kwenda kufua mashuka ya hospitali, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu. Namvisha shati, naanza na mkono wa kulia, ule uliolala. Kisha namkalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Mvua ikinyesha nahamisha kiti, maana paa linavuja palepale.

Baba alikuwa dereva wa lori. Kiharusi kikampiga. Mguu ukagoma, mkono ukagoma, maneno yakapungua. Mtaalamu wa viungo alituambia, "Mkono huu usipotumika utakauka. Mpeni kazi anayoipenda." Mpira wa mazoezi aliutupa. Kamba aliitupa. Akabaki kutazama ukuta.

Ndipo nikanunua kompyuta iliyotumika na usukani wa plastiki. Nilifunga usukani kwenye ubao wa kupigia pasi. Kuna gemu ya kuendesha lori: milima, madaraja, mizigo. Siku ya kwanza baba aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Nilikwenda kulia jikoni.

Lakini picha zilikuwa zikikwama. Baba akikata kona, picha inachelewa, lori linatumbukia mtaroni. Mwanzoni alicheka. Baadaye aliacha kucheka. Siku moja aliuondoa mkono wa kulia, akaulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Mkono umekufa," alisema. "Toa hiki kitu."

Mjomba akasikia. Mjomba ni kaka yake mama, anauza sufuria, na kila kitu kwake hupimwa kwa uzito. Sufuria nyepesi ni utapeli. Hata bwana harusi akiwa mwembamba, mjomba humtilia shaka. Alikuja Jumamosi na kifurushi kwapani.

"Mpwa wangu, shika!"

Nikashika. Mikono ikashuka.

"Umeona? Hiyo ndiyo kadi ya picha! Feni tatu! Giga nane! Rafiki yangu wa dukani kaniuzia mimi tu, kwa heshima."

"Asante sana, mjomba. Lakini itaingia?"

"Chuma kizima kama hiki kishindwe kuingia kwenye debe?"

Wakati huo jirani yetu aliingia kurudisha pasi. Yeye hukata na kuunga video za harusi kwa kompyuta. Mtaa mzima humwita Mama Mikasi, ingawa hana mkasi hata mmoja. Aliigeuza kadi huku na huku.

"Kaka, hii umeichaguaje?"

"Kwa mkono. Nimeinyanyua."

"Ulikuwa unanunua kadi au nyundo?"

Mjomba akanuna. Mama Mikasi akavuta kigoda, akanigeukia mimi.

"Kazi ya kadi ya picha ni kuchora picha za gemu na kuzipeleka kwenye kioo. Ikiwa dhaifu, picha zinachelewa. Kwa hiyo kadi mnaihitaji kweli. Lakini usianzie dukani. Anzia kwenye gemu. Wenye gemu huandika inataka kadi gani. Kisha tazama kioo. Hiki chenu ni kidogo. Kadi kubwa mno kwa kioo kidogo ni kumpikia mtu mmoja kwa sufuria ya harusi."

"Usinitajie sufuria," mjomba alisema.

"Na hizo giga nane?" niliuliza.

"Giga ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa finyu, kazi inakwama. Lakini meza pana haimfanyi fundi mvivu awe hodari. Kadi ya zamani yenye giga nyingi inaweza kushindwa na kadi mpya yenye chache. Soma jina kamili la kadi. Tafuta watu walioijaribu kwa gemu hiyohiyo."

Kisha alichomoa waya wa kompyuta ukutani. "Usifungue kamwe ikiwa na umeme," alisema. Akaondoa bati la ubavuni, akanionyesha kisanduku cha umeme. Kilikuwa na kibandiko.

"Soma wati."

"Mia tatu."

"Kasha la kadi ya mjomba linasema itafutiwe kisanduku cha wati mia sita, chenye nyaya mbili za kadi. Hiki hakina hata mmoja. Mkiunga nyaya za kubahatisha na kuilazimisha kadi, kompyuta itazimika baba yako akiwa mlimani. Au kisanduku kiungue. Sasa lete mkanda wa kupimia."

Tulipima. Kadi ilizidi nafasi kwa upana wa vidole vitatu.

"Basi likatwe hilo bati!" mjomba alisema.

"Kata sufuria zako kwanza, kaka."

Mjomba akasimama. Hakumtazama Mama Mikasi. Alinitazama mimi.

"Zawadi yangu hairudi dukani. Ukiirudisha, umenitukana."

Akaondoka bila kumuaga baba. Baba hakugeuka. Alikuwa anatazama ukuta.

Jumatatu niliibeba kadi, Mama Mikasi akanisindikiza. Rafiki wa mjomba alitupokea kwa tabasamu pana kama mlango wa ghala.

"Mali yangu haijawahi kurudi hapa!"

"Vizuri," Mama Mikasi alisema. "Ichomeke basi, tuione ikifanya kazi."

Mwenye duka akaanza kutafuta miwani, kisha bisibisi, kisha visingizio. Wateja wakasogea. Mwishowe akaichomeka. Mama Mikasi akafungua programu ya kukagua kadi. Jina lililotokea halikuwa lile la kwenye kasha. Ilikuwa kadi ya zamani mno, imebandikwa kibandiko kipya. Uzito wote ule ulikuwa wa feni na bati la kupoozea.

"Kumbe kuku kavishwa manyoya ya tausi," mteja mmoja alisema. Duka zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilijua cheko lile litafika kwa mjomba kabla yetu.

Mwenye duka alitubadilishia kwa kadi fupi, nyepesi kama kipande cha mkate. Ilikuwa na feni moja. Haikutaka waya wa ziada. Umeme wa ubao wa kompyuta uliitosha. Tulidai iendeshe gemu ya lori palepale, mpaka ipate joto. Haikukwama. Tukataka risiti yenye jina la kadi na muda wa dhamana. Ndipo tukatoka.

Nyumbani mvua ilikuwa inanyesha. Tuliichomeka kadi, lakini baba alikataa kuushika usukani.

"Mkono umekufa," alisema tena.

"Kona moja tu, baba. Ukishindwa, nafungua usukani."

Aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupandisha kwenye usukani. Barabara ikaja. Kona ikaja. Akakata, na lori likakata naye, wakati uleule. Ikaja kona ya pili. Akakata tena.

Akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe si mimi," alisema.

Mkono haujapona. Vidole viwili bado vimelala, na daktari alishasema mguu hautarudi. Lakini kila siku baba anaushika usukani, na mkono haujakauka.

Mjomba alikuja wiki iliyofuata. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Mpwa kumwaibisha mjomba mbele za watu! Mtaa mzima unaniita Tausi. Niombe radhi."

Mama alitoka ndani, viganja vyake vimechubuka kwa sabuni.

"Mwanangu, sema neno moja tu, yaishe."

Nyuma yetu lori lilikuwa linapanda mlima.

"Mjomba, karibu ndani umwone shemeji yako anavyokata kona."

"Nasubiri msamaha."

"Kwa zawadi nilikushukuru, na nakushukuru tena. Lakini baba alikuwa ameshaufanyia mazishi mkono wake ungali hai. Kwa kuirudisha ile kadi siombi msamaha. Leo siombi, na kesho siombi."