Kikopo cha Shemeji

"Shemeji, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini? Utani tu."

Mke wa mwoka mikate alikuwa ametia mguu mmoja tu ndani ya bekari. Mkanda unga, rafiki wa mumewe, baba wa watoto wanne na mdomo usio na breki, akacheka.

"Nasema mumeo anishukuru. Siku ile ya kupima mbegu za kiume hospitalini aliogopa, nikamjazia kikopo mimi. Kumbe hakukwambia?"

Mumewe, trei ya mikate mkononi, akageuka kutoka kwenye tanuri. Uso ulimsawijika.

"Ni kweli?"

"Mke wangu, twende nyumbani tukaongee."

"Hapa hapa!"

"Niliona aibu. Nilidhani Mungu atajalia tu."

"Majibu yakasema wewe mzima, basi mbovu nikawa mimi! Mama yako akaniita gogo lisilozaa. Nikapasuliwa tumbo, nawe umenishika mkono unaniambia nivumilie!"

Loo, mwanamume huyu! Aibu ya kikopo ikamfanya amtoe mkewe kafara.

Kesho yake alipeleka hospitalini kikopo chake mwenyewe. Mkewe alimsindikiza. Wote wawili wakapimwa upya.

"Mbegu ni chache na mwendo wake dhaifu," daktari akasema majibu yalipotoka. "Mishipa ya korodani imevimba, na joto la tanuri nalo halikusaidii. Ni operesheni ndogo. Wengi hupona."

"Ndogo tu, daktari?"

"Ndogo. Ungekuja mapema..." Akazitazama picha za vipimo vya mke, sauti ikashuka. "Mama, ile operesheni yako iliacha makovu. Mirija ya uzazi yote miwili imeziba."

Mwoka mikate akaangua kilio. Mkewe akampa leso, maana mapenzi hayaishi kwa siku moja. Jioni akahamia kwa dada yake.

Miezi ikapita. Mume akatibiwa, akaacha tanuri, akawa anauza mikate kwenye kaunta. Siku moja akatuma ujumbe:

"Mke wangu, nimepona. Mbegu zimerudi. Nisamehe, rudi nyumbani."

Mkewe akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Nimekusamehe, na bado nakupenda. Lakini siwezi kurudi. Ungeniambia ukweli siku ile, ningekushika mkono mpaka kwa daktari. Leo tungekuwa tunagombana nani ambembeleze mtoto."

Mteja aliyengoja mkate akamshangaa mume, simu mkononi.

"Kaka, mbona unalia?"

"Moshi wa tanuri."

Na tanuri lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.